Pelindaba: Bomu la Makaburu na Majirani Wasio na Bomu

Magharibi ya Pretoria, jirani na bwawa la Hartbeespoort, palikuwa na shamba la Gustav Preller, mwandishi wa lugha ya Kiafrikaans aliyefariki mwaka 1943. Shamba hilo liliitwa Pelindaba, jina lililotokana na maneno ya Kizulu yenye maana ya "mazungumzo yamekwisha". Serikali ya Afrika Kusini ilipotafuta mahali pa kujenga kituo cha utafiti wa atomiki ilichagua eneo hilo, na jina likabaki. Kiwanda kilichojengwa baadaye ubavuni mwake kikaitwa Valindaba, yaani "hili hatulizungumzii". Hapo ndipo ilipopatikana urani ya mabomu sita ya atomiki, ya kwanza na ya mwisho kuundwa na nchi yoyote ya Afrika. Mabomu hayo yaliundwa kwa siri, yakatunzwa kwa siri na kuvunjwa kwa siri, na dunia ilitangaziwa habari zake yalipokuwa yamekwisha kutoweka.

Asili ya mambo yote ilikuwa udongo. Bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitegemea kwa sehemu kubwa urani ya Shinkolobwe, mgodi wa Katanga uliokuwa mali ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa amesafirisha tani zipatazo 1,200 za mawe ya mgodi huo hadi New York, na Wamarekani walipozihitaji walizikuta ghalani. Wachimbaji wa Katanga, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi, hawakuambiwa walichokuwa wakikichimba kingekwenda kufanya nini. Baada ya vita Marekani na Uingereza ziligundua kwamba mawe ya dhahabu ya Witwatersrand nayo yana urani. Ni kidogo katika kila tani, lakini tani zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchimbwa na kusagwa kwa ajili ya dhahabu. Kilichobaki kilikuwa kuikamua.

Mwaka 1948 bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya nishati ya atomiki, na mwaka huohuo chama cha National kilishinda uchaguzi na kuanza kujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi uliojulikana kama apartheid. Mambo hayo mawili yalikua pamoja kwa miaka arobaini. Kiwanda cha kwanza cha kukamua urani kilifunguliwa karibu na Krugersdorp mwaka 1952, na mzigo wake ulikwenda London na Washington kwa ajili ya silaha za mataifa hayo. Malipo hayakuwa fedha peke yake. Vijana wa Kizungu wa Afrika Kusini walipokewa katika maabara za Marekani na Ulaya, na mwaka 1957 Pretoria ilitia saini na Washington mkataba wa ushirikiano wa atomiki. Mkataba huo ndio ulioleta Pelindaba kinu cha SAFARI-1, cha megawati 20, kilichoanza kufanya kazi mwezi Machi 1965.

Kinu cha utafiti si bomu. Urani inayotoka ardhini ni mchanganyiko wa aina mbili za atomu, na ile inayofaa kwa mlipuko, yenye namba 235, ni asilimia 0.7 tu ya mzigo wote. Kinu cha umeme huhitaji kiasi hicho kipandishwe hadi asilimia tatu au tano. Bomu huhitaji karibu 90. Kazi hiyo ya kupandisha huitwa urutubishaji, na ndicho kizingiti kikubwa kwa kila nchi inayotaka silaha hiyo. Wanasayansi wa Pelindaba, wakiongozwa na A. J. A. Roux na W. L. Grant, walibuni njia yao wenyewe. Gesi ya urani ilichanganywa na haidrojeni, ikasukumwa kwa kasi kubwa ndani ya mirija isiyozunguka ili gesi yenyewe ndiyo izunguke kama kimbunga. Atomu nzito zilitupwa pembeni na nyepesi zikabaki kati. Ilikuwa njia ya kutafuna umeme bila kiasi, lakini nchi yenye makaa ya mawe tele ingeweza kuimudu. Waziri Mkuu John Vorster aliitangaza bungeni tarehe 20 Julai 1970, akisema ni kwa ajili ya amani. Mwaka huo ndipo ulipoanza kutumika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na Pretoria ilikataa kuutia saini kwa hoja kwamba wakaguzi wangeiba siri ya mirija yake.

Wakati huo Afrika huru ilikuwa na msimamo wake kuhusu silaha hizo, na haikuupata kwenye vitabu. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Algeria, lenye nguvu ya kilotani zipatazo 70, zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima. Hadi mwaka 1966 ililipua mabomu 17 jangwani humo, mengine baada ya Algeria kupata uhuru. Ghana ya Kwame Nkrumah ilizuia mali za Wafaransa, na Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi na Paris mwezi Januari 1961. Viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Cairo mwezi Julai 1964 walitangaza kwamba bara lote liwe eneo lisilo na silaha za nyuklia. Kati ya tangazo hilo na utekelezaji wake ilipita miaka 45, na sababu kubwa ilikuwa kusini.

Mwaka 1971 waziri wa madini, Carl de Wet, aliruhusu uchunguzi wa "milipuko ya amani". Msemo huo ulikuwa wa kawaida siku hizo: Wamarekani na Warusi walizungumzia kuchimba bandari na mifereji kwa mabomu, na India ilipofanya jaribio lake mwezi Mei 1974 ililiita hivyohivyo. Huenda baadhi ya wataalamu wa Pelindaba waliamini kweli kwamba walikuwa wakitengeneza kifaa cha migodi. Lakini mwaka 1974 Vorster aliidhinisha kuundwa kwa kifaa chenyewe na kutafutwa kwa mahali pa kukijaribia, na kufikia hapo ramani ya siasa ya kusini mwa Afrika ilikuwa imeanza kugeuka.

Kwa miaka mingi Makaburu walikuwa wamejificha nyuma ya ukuta wa nchi zilizotawaliwa na Wazungu: Angola na Msumbiji chini ya Wareno, Rhodesia chini ya walowezi, na Namibia waliyoikalia wao wenyewe. Mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974 yaliubomoa ukuta huo. Msumbiji ilipata uhuru mwezi Juni 1975. Angola ilifuata mwezi Novemba katikati ya vita, jeshi la Afrika Kusini likiwa limevuka mpaka na kuelekea Luanda, na askari wa Kuba wakishushwa kwa meli na ndege ili kulizuia. Mwezi Machi 1976 Makaburu walirudi nyuma wakiwa na machungu, kwa kuwa waliamini Marekani iliyowasukuma iliwatelekeza njiani. Miezi mitatu baadaye watoto wa shule wa Soweto waliingia barabarani kuipinga serikali.

Uongozi wa harakati za ukombozi ulikuwa na makao mbali kaskazini. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru wa nchi kadhaa walipata mafunzo Kongwa, mkoani Dodoma, na chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya Morogoro mwaka 1969 mkutano uliopanga upya mapambano yake. Nchi zilizo mstari wa mbele, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mwenyekiti wao wa kwanza, zilikuwa Tanzania, Zambia, Botswana, Msumbiji na Angola, na Zimbabwe ikajiunga baada ya uhuru wake mwaka 1980. Hakuna hata moja iliyokuwa na kinu cha nyuklia, wala iliyokuwa na jeshi la kuiteka Pretoria. Katika mashindano mengine ya kikanda bomu la mmoja huzaliwa na bomu la mwingine, kama ilivyokuwa kati ya India na Pakistani. Huku kusini bomu lilizaliwa na hofu ya majirani waliokuwa na redio, kambi za wakimbizi na haki upande wao. Majenerali wa Pretoria waliliona jambo hilo kwa namna nyingine: kwao kila kambi ya Kongwa au Lusaka ilikuwa kidole cha Moscow, na yote kwa pamoja wakayaita shambulio la pande zote.

Jaribio la kwanza lilipangwa kufanyika katika jangwa la Kalahari, mahali paitwapo Vastrap, kaskazini ya mji wa Upington. Mashimo mawili yalichimbwa na kukamilika kati ya mwaka 1976 na 1977, moja la mita 385 na jingine la mita 216. Mpango wa mwezi Agosti 1977 ulikuwa kukishusha kifaa kizima shimoni bila urani yake, kwa kuwa kiwanda cha Valindaba kilikuwa bado hakijatoa urani ya kutosha, na kupima mitambo na nyaya. Setilaiti ya Urusi ya Kisovieti ikaliona eneo hilo kutoka angani. Kufikia tarehe 6 Agosti Moscow ilikuwa imekwisha kuiarifu Washington, na Wamarekani walipotazama kwa setilaiti zao waliona vilevile.

Kilichofuata hakikuwa cha kawaida katika vita baridi: Warusi, Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wa Magharibi wote waliibana nchi moja kwa jambo moja. Ufaransa ilikuwa na sababu yake. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imepata mkataba wa kujenga vinu vya umeme vya Koeberg, karibu na Cape Town, na Afrika ilikuwa ikiinyooshea kidole. Waziri wake wa mambo ya nje, Louis de Guiringaud, alipotua Dar es Salaam mwezi huohuo wa Agosti alipokewa na waandamanaji wenye hasira kwa sababu ya silaha ambazo nchi yake iliwauzia Makaburu, na akaikatiza ziara. Tarehe 23 Agosti Rais Jimmy Carter alitangaza kwamba Pretoria imeahidi kutolipua chochote. Mitambo ya Vastrap iliondolewa na mashimo yakafunikwa. Tarehe 4 Novemba Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 418, lililozifunga nchi zote zisiiuzie silaha Afrika Kusini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa vikwazo vya lazima vya namna hiyo kuwekewa nchi mwanachama. Miezi michache kabla, bodi ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki ilikuwa imeinyang'anya kiti chake na kuipa Misri.

Mbinyo huo ulizuia mlipuko. Bomu haukulizuia. Mwezi Septemba 1978 P. W. Botha, aliyekuwa waziri wa ulinzi kwa miaka 12, alishika uwaziri mkuu, na maneno ya milipuko ya amani yakawekwa kando. Kazi ya kuunda silaha ilihamishwa kutoka kwa wanasayansi wa Pelindaba na kukabidhiwa Armscor, shirika la serikali la silaha, lililojenga kiwanda chake kilometa chache kutoka hapo na kukifungua mwaka 1981. Kamati ya siri ilikuwa imependekeza mabomu saba. Hesabu hiyo ilifungamana na mkakati wa hatua tatu, ambao ndio ufunguo wa kuielewa historia hii yote.

Katika hatua ya kwanza serikali isingekiri wala kukanusha. Ikiwa majeshi ya Kisovieti au ya Kuba yangeikabili Afrika Kusini au Namibia kwa nguvu isiyoweza kuhimiliwa, hatua ya pili ingekuwa kuinong'oneza Marekani na mataifa mengine ya Magharibi kwamba mabomu yapo. Wasiposikia, hatua ya tatu ingekuwa kutangaza hadharani, au kulipua bomu moja chini ya ardhi. Mkakati haukuwa na hatua ya nne ya kuyatumia vitani. Maana yake ni kwamba bomu hilo halikulengwa Luanda wala Lusaka, lililengwa Washington. Lilikuwa njia ya kumlazimisha rafiki aliyechoka arudi kumtetea mwenzake, kwa kumtisha kwamba asiporudi mambo yataharibika zaidi.

Kabla kiwanda kipya hakijakamilika lilizuka jambo ambalo hadi leo wataalamu hawajakubaliana juu yake. Tarehe 22 Septemba 1979 setilaiti ya Marekani ya aina ya Vela ilinasa mimweko miwili iliyofuatana kwa kasi juu ya bahari ya kusini, upande wa visiwa vya Prince Edward. Mimweko ya namna hiyo ni alama ya bomu la atomiki linalolipuliwa hewani. Jopo lililoundwa na Ikulu ya Marekani lilisema huenda si bomu. Wanasayansi wa maabara za serikali hiyohiyo na majasusi wake wengi waliamini ni bomu, na wengi wao waliielekezea Israeli, kwa msaada wa Afrika Kusini au bila msaada wake. Urani iliyokuwapo Valindaba wakati huo ilitosha kifaa kimoja tu, na mwezi Agosti kiwanda kilikuwa kimepata hitilafu ya kikemikali iliyokisimamisha hadi mwaka uliofuata. Habari zilipovuja mwezi Oktoba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa likikutana New York chini ya urais wa Salim Ahmed Salim wa Tanzania, na wajumbe wa Afrika walidai maelezo. Mwezi Desemba, katika mkutano wa New Delhi, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki liliukataa ujumbe wa Pretoria.

Bomu la kwanza la Armscor lilikamilika mwaka 1982, na yaliyofuata yalitoka polepole hadi yakafika sita mwaka 1989, la saba likiwa bado. Muundo wake ulikuwa ule wa bomu la Hiroshima, na ndio rahisi kuliko yote. Ndani ya pipa kama la mzinga kipande kimoja cha urani hufyatuliwa na kugonga kingine. Kila kipande peke yake hakilipuki, lakini vikikutana mnyororo wa kupasuka kwa atomu huanza. Kila bomu lilibeba takriban kilo 55 za urani iliyorutubishwa, likiwa na uzito wa karibu tani moja na urefu usiofika mita mbili, na lilikadiriwa kuwa na nguvu ya kilotani 10 hadi 18. Sehemu ya mbele na ya nyuma zilihifadhiwa katika vyumba tofauti vya chuma, na mtu mmoja peke yake asingeweza kuziunganisha. Za kuyabeba zilikuwa ndege za Buccaneer, zilizonunuliwa Uingereza miaka ya 1960.

Gharama yake haikufika randi bilioni moja, kiasi kidogo kando ya bajeti ya jeshi. Ndiyo maana siri iliwezekana: mawaziri wengi hawakuijua, na wafanyakazi wa kiwanda, wachache na wote raia wa kuzaliwa, walichujwa kwa makini. Kilichokosekana ndani kiliombwa nje. Israeli ilipokea urani ya Afrika Kusini, na Afrika Kusini ilipata gramu 30 za tritiamu, kitu cha kuongezea bomu nguvu, ambacho hatimaye haikukitumia katika silaha zake. Nchi hizo mbili zilishirikiana pia katika makombora. Urani nyingine ilichimbwa Rössing, Namibia, katika mgodi uliofunguliwa mwaka 1976 ingawa Umoja wa Mataifa ulikuwa umekataza kuchukua mali ya nchi hiyo bila idhini ya baraza lake.

Upande wa pili haukukaa kimya. Abdul Minty, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, alitumia miaka mingi kufichua kampuni na serikali za Magharibi zilizoisaidia Pretoria kwa nyuklia. Tarehe 18 Desemba 1982 mabomu manne yaliyotegwa na Rodney Wilkinson, mtu aliyekuwa akiitumikia kwa siri Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, yalilipuka katika kituo cha Koeberg kabla vinu havijatiwa nishati. Hakuna aliyekufa, na kazi ilicheleweshwa kwa zaidi ya mwaka. Huenda lilikuwa pigo kubwa kuliko yote yaliyoupata mradi wa nyuklia wa Makaburu, ingawa Koeberg kilikuwa kituo cha umeme tu.

Miongoni mwa wasomi wa Afrika mjadala ulikuwa mkali zaidi. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitumia mihadhara ya Reith ya BBC ya mwaka 1979 kudai kwamba mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha unawafunga wanyonge na kuwaacha wenye nguvu na mabomu yao. Alishauri Nigeria, Zaire na, baada ya ukombozi, Afrika Kusini ya Waafrika ziingie katika nyuklia ili wakubwa waogope na kukubali silaha zifutwe kwa wote. Mwaka 1987 waziri wa mambo ya nje wa Nigeria, Bolaji Akinyemi, alizungumza waziwazi juu ya "bomu la mtu mweusi". Hoja ya Mazrui kuhusu ukosefu wa usawa ilikuwa ya kweli na bado ni ya kweli. Dawa yake ndiyo yenye mashaka, kwa kuwa mfano uliokuwa mbele ya macho ya bara zima ulionyesha bomu likimpa mwenyewe upweke badala ya heshima.

Katika mapigano yaliyopiganwa hasa, bomu halikuwa na kazi. Jeshi la Pretoria lilishambulia Matola mwaka 1981, Maseru mwaka 1982 na Gaborone mwaka 1985, na kuwatia nguvu waasi wa Renamo waliokuwa wakiiharibu Msumbiji, yote kwa bunduki, mabomu ya kawaida na fedha. Majirani waliumizwa vibaya, bila nyuklia. Ndani ya nchi, vitongoji vya Waafrika kama Soweto au Sharpeville visingeweza kutishwa kwa silaha ambayo ingemuua na aliyeitupa. Kusini mwa Angola, vita vya Cuito Cuanavale vya mwaka 1987 na 1988 vilileta Wakuba hadi karibu na mpaka wa Namibia, na idadi yao nchini Angola ilifika takriban 50,000. Hali iliyokuwa imetajwa katika mkakati wa hatua tatu ilikuwa imebisha hodi. Wataalamu walirudishwa Vastrap, banda likajengwa juu ya shimo moja na maji yakapampiwa nje. Baadhi ya wachambuzi wanaamini nia ilikuwa kuonwa na setilaiti. Lakini suluhu ilitoka mezani: tarehe 22 Desemba 1988 Angola, Kuba na Afrika Kusini zilitia saini New York makubaliano ya kuondoka kwa Wakuba na uhuru wa Namibia.

F. W. de Klerk alipoapishwa kuwa rais mwezi Septemba 1989, hoja za bomu zilikuwa zimemalizika zote. Alilijua jambo hilo kutoka ndani, kwa kuwa aliwahi kuwa waziri wa madini na nishati kati ya 1980 na 1982. Mwezi Novemba aliamua livunjwe. Kiwanda cha Valindaba kilifungwa tarehe 1 Februari 1990, siku moja kabla ya hotuba iliyoviruhusu vyama vya ukombozi, na Nelson Mandela akatoka gerezani tarehe 11. Mfuatano huo wa tarehe ulizaa shaka ambayo haijawahi kufutika. Wengi katika ANC waliamini kwamba Makaburu hawakutaka Waafrika wairithi silaha hiyo. De Klerk na wasaidizi wake walitaja mwisho wa vita baridi na haja ya kurudi katika jumuiya ya mataifa. Sababu hizo hazipingani, na aliyekuwa akijiandaa kukabidhi nchi angeweza kuwa nazo zote kwa wakati mmoja.

Kazi ilisimamiwa na Waldo Stumpf wa Shirika la Nishati ya Atomiki la nchi hiyo, na profesa mstaafu wa fizikia, Wynand Mouton, alipewa jukumu la kuikagua kwa niaba ya rais. Kuanzia mwezi Julai 1990 bomu moja baada ya jingine lilifunguliwa, urani ikayeyushwa na kurudishwa Pelindaba, na vyuma vikaharibiwa. Michoro na nyaraka za kiufundi, zipatazo 12,000, ziliteketezwa. Kwa mwanahistoria uteketezaji huo ni hasara kubwa: mipango ya kijeshi na uhusiano na nchi za nje vimebaki kusimuliwa na watu walewale waliohusika.

Tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini ilijiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha. Haikuingia peke yake. Pretoria ilikuwa imedai kwamba majirani nao waingie, na Msumbiji ilifanya hivyo mwaka 1990, kisha Tanzania, Zambia na Zimbabwe mwaka 1991. Wakaguzi wa kimataifa walipofika waliambiwa kuhusu urani, si kuhusu mabomu. Ukweli ulisubiri hadi tarehe 24 Machi 1993, de Klerk alipolitangazia bunge kwamba nchi ilikuwa na silaha sita na kwamba hazipo tena. Wakaguzi walifunguliwa milango yote. Walipitia daftari za kila siku za kiwanda ili kulinganisha urani iliyoingia na iliyotoka, wakashuhudia mashimo ya Vastrap yakizibwa, na hawakukuta dalili ya bomu lililofichwa.

Njia ya tangazo la Cairo la mwaka 1964 ikawa wazi. Wataalamu wa Afrika, wakiongozwa na Oluyemi Adeniji wa Nigeria, walikamilisha rasimu ya mkataba mwaka 1995 katika vikao vya Johannesburg na Pelindaba penyewe, na viongozi wakaiidhinisha Addis Ababa mwezi Juni, Salim Ahmed Salim akiwa Katibu Mkuu wa umoja wao. Mkataba wa Pelindaba ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996. Unakataza kutafiti, kuunda, kumiliki na kujaribu mabomu ya nyuklia barani, kutupa taka za mionzi na kushambulia vinu, na unaitaka kila nchi iliyowahi kuwa na silaha hizo iziharibu. Suala moja linalowagusa watu wa Bahari ya Hindi halikutatuliwa: ramani ya mkataba inavijumuisha visiwa vya Chagos, lakini Uingereza haikukubali kwamba mkataba unavihusu, na kisiwa chake kimoja, Diego Garcia, kina kambi kubwa ya jeshi la Marekani. Nchi 28 zilihitajika kuuridhia. Ya 28 ilikuwa Burundi, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 15 Julai 2009.

Urani iliyotolewa ndani ya mabomu haikuondoka Pelindaba. Marekani imeiomba Afrika Kusini mara kadhaa iipunguze makali au iikabidhi, hasa baada ya watu wenye silaha kuvamia kituo hicho mwezi Novemba 2007, na serikali za ANC zimekataa, zikisema ni mali ya taifa na ina ulinzi. Sehemu yake ilitumika kwa miaka mingi katika SAFARI-1, kinu kilekile cha mwaka 1965, kutengenezea molibdeni-99, chanzo cha dawa ya mionzi ambayo hospitali za nchi nyingi huitumia kuchunguza moyo na saratani. Mwaka 2009 kinu hicho kilibadilishwa ili kitumie urani isiyofaa kwa silaha.